Daftari Lisilo na Majina

Daftari la Népomuscène liko kwangu. Mjane wake alinipa baada ya matanga, kwa kuwa watoto walikuwa wameanza kuchana kurasa zake kuwashia mkaa. Jalada lake ni la plastiki ya buluu, na kurasa za mwisho zimelainika kwa mafuta ya kompresa. Humo mmeandikwa kila mashine ya baridi aliyoigusa mjini Bujumbura kwa miaka kumi: friji za baa, majokofu ya nyama, kabati la chanjo la zahanati, hata chumba cha maiti. Kila mashine ina tarehe yake, joto lake, ugonjwa wake na dawa yake. Majina ya watu hamna. Kuna moja tu, nami nitaeleza lilivyoingia.

Siku hizi ukimwita fundi wa baridi, anakuja na simu sikioni, anasimama mlangoni, na kabla hajafungua hata skrubu moja anakuambia gesi imekwisha. Sikuzote gesi imekwisha. Haandiki kitu, haulizi kitu. Mashine ikifa tena wiki ijayo, anakuuzia nyingine. Népomuscène hakuwa fundi wa namna hiyo, na waliofanana naye nimewazika karibu wote.

Alizaliwa Gatumba, karibu na mpaka, na baba yake alikuwa akivusha mihogo kutoka upande wa Kongo. Shule aliiacha darasa la tano. Akiwa na miaka kumi na minne alianza kubeba mabonge ya barafu kwenye kiwanda kilichokuwa bandarini, mali ya Mgiriki mmoja aliyewauzia barafu wafanyabiashara wa samaki. Mgiriki yule alikuwa mkali, lakini hakumpiga mtu. Ukutani, kando ya mashine kubwa, palining'inia daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila aliyeshika zamu aliandika mashine ilivyofanya: imetetemeka, imetoa jasho, imechelewa kugandisha. Kuandika nani aliharibu kulikatazwa. Mgiriki aliwaambia kwamba ukiandika jina la mtu mara moja tu, kuanzia kesho kila mtu atakuandikia uongo, na mashine itakufa mikononi mwako hujui inaumwa nini.

Népomuscène alijifunza kusoma vizuri kwenye daftari lile. Mwaka 1994 Mgiriki alifunga kiwanda akaenda kwao. Mashine ikang'olewa kipande kwa kipande ikauzwa kama vyuma chakavu, na Népomuscène akafungua kibanda chake katika mtaa wa Buyenzi, akaning'iniza daftari lake mwenyewe, kalamu kwenye uzi, ingawa alikuwa fundi peke yake.

Mimi wakati huo nilikuwa mtunza stoo wa shirika moja la makanisa, katikati ya mji. Kazi ya shirika ilikuwa kuandika watoto waliopotezana na wazazi wao vitani. Wengine waliokotwa njiani, wengine walitolewa kambini, wengine walivuka mpaka wakiwa mgongoni kwa watu wasiowajua. Chanelle, binti mpole aliyesoma Kinshasa, aliwaingiza wote kwenye kompyuta: jina, kilima walikotoka, kovu, wimbo ambao mama aliuimba. Taarifa zote zilikaa kwenye mashine moja kubwa, ambayo vijana wa leo huiita seva. Sisi tuliiita mashine mama. Iliwekwa ndani ya kabati la chuma katika chumba kidogo kisicho na dirisha, pamoja na mashine ya ubaridi ukutani, na mlango wake ulifungwa kwa ufunguo. Funguo zote zilining'inia kwenye msumari wangu.

Mwezi wa Julai 1998 mashine mama ilizimika yenyewe saa nne asubuhi, na majina arobaini ambayo Chanelle alikuwa ameyaandika siku ile yakapotea. Baada ya siku mbili ikazimika tena. Mara ya tatu Chanelle alipofungua kabati, alipitisha kidole kwenye chuma kikatoka na maji. Disketi za akiba nazo zilikuwa zimeota ukungu.

Mkurugenzi wetu aliitwa Sylvère. Alikuwa mtu wa suti, na hakuwa mwovu, ila alikuwa na hofu, na hofu ya mkubwa hugeuka kuwa mzigo wa mdogo. Alitukusanya uani wote kumi na mmoja. Akasema mashine haifi yenyewe mara tatu, kuna mtu anafanya hujuma, na mtu huyo akijulikana atatoka kazini siku hiyohiyo, na jina lake litapelekwa kwa askari. Mwaka ule jina lako likiandikwa kwenye karatasi ya namna hiyo, ndugu zako hawakuuliza utarudi lini.

Nikampendekeza Népomuscène. Alikuwa ameisafisha mashine ya ubaridi mwezi wa Aprili, na mkurugenzi alikubali kwa sababu ya vikwazo: nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, vipuri havikuingia, na mafundi wenye magari walikuwa wamekwenda zao.

Alikuja Jumatatu kwa miguu, mfuko wa vifaa begani. Mkurugenzi alimweleza habari ya hujuma. Népomuscène akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kiti, kikombe cha maji, na ruhusa ya kukaa chumbani bila kugusa kitu. Mkurugenzi alinitazama mimi kana kwamba nimemletea mganga.

Kutoka mfukoni alitoa vipimajoto viwili vilivyofungwa kwenye ubao mmoja. Kimoja kilikuwa kitupu. Kingine alikivalisha utambi wa pamba kama soksi, akaulowesha kwenye kikombe. Chanelle alicheka akauliza kama hicho kingine kina mafua. Népomuscène hakukasirika, akamfafanulia. Hewa kavu ina kiu, hunywa maji ya utambi, na kipimajoto kilichovaa utambi hupoa. Hewa iliyoshiba maji hainywi. Kwa hiyo vikipishana sana, chumba ni kikavu. Vikikaribiana, chumba kimejaa unyevu.

Siku ile alifanya kazi za kawaida. Alikuta kitufe cha kupangia joto kimewekwa kwenye baridi kali kabisa, maana mkurugenzi aliamini kadiri kunavyokuwa baridi ndivyo mashine inavyofurahi. Mabomba ya ndani yalikuwa yameota barafu, na barafu ikiyeyuka umeme unapokatika, maji humwagika. Akapandisha joto hadi digrii ishirini na moja. Akachomoa mpira unaotoa maji nje, akakuta nyigu wa udongo wamejenga ndani yake, akauzibua. Chini ya mpira, kwenye kichochoro nyuma ya nyumba, akaweka ndoo ili apime maji yatakayotoka. Mkurugenzi alimuuliza kuhusu gesi. Alijibu kwamba gesi ipo ya kutosha na haina kosa. Nasema tena, kwa ajili ya mafundi wa leo: alisema gesi ipo ya kutosha.

Kisha akaja kila asubuhi, akasoma vipimajoto vyake kila nusu saa, akaandika. Hesabu zile ninazo mbele yangu. Jumanne vilipishana digrii saba tangu asubuhi hadi jioni, na kwenye ndoo mlikuwa na maji ya kujaza kikombe cha chai. Jumatano saa mbili vilipishana saba. Saa tatu na nusu vilipishana mbili. Saa nne mashine mama ikazimika, na ndoo ilipopimwa mchana ilikuwa na lita moja na nusu. Alhamisi, saba tena, kikombe kimoja tena.

Alinionyesha ukurasa huo stoo kwangu, jioni ya Alhamisi.

“Mzee, Julai hii huko inje vumbi tupu,” alisema. “Hata mate inakauka mudomoni. Haya maji haitoki inje. Kuna mutu anayaingiza kwa mulango.”

Nikamuuliza kama basi ni hujuma kweli. Alitikisa kichwa. Alikuwa amefungua chujio la mashine ya ubaridi, lile alilolisafisha Jumatatu, akakuta limeshika vumbi laini la nyuzi. Akaniwekea kidogo mkononi. Nyuzi zilikuwa na rangi ya kaki. Nilizinusa, zikanuka sabuni ya kipande.

Nilijua hapo hapo, na nilinyamaza. Kila asubuhi nilimpa ufunguo wa chumba kile mtu mmoja tu, aingie kupiga deki.

Mtu huyo alikuwa Daphrose. Alikuwa amekimbia mtaa wa Carama nyumba yake ilipochomwa, mume wake alikuwa hajulikani alipo, na alikuwa amepanga chumba kimoja Buyenzi pamoja na watoto wanne na shangazi mgonjwa. Watoto watatu walisoma zamu ya alasiri, na kila mmoja alikuwa na sare moja ya kaki. Mwalimu alikuwa na amri: mwenye nguo chafu arudi nyumbani. Katika ua wa nyumba yao bomba lilitoa maji mara moja au mbili kwa wiki. Hapa ofisini tulikuwa na tangi.

Ijumaa Népomuscène alikaa kwenye korido, kofia imemfunika nusu ya uso, kama mtu anayesinzia. Daphrose alipita na ndoo iliyofunikwa kwa tambara la deki, akaingia, akakaa humo kidogo, akatoka, akafunga. Fundi alisubiri hatua zake ziishe, akaniomba ufunguo wa pili. Tuliingia pamoja.

Nyuma ya kabati la chuma, pale mashine mama inapotolea pumzi yake ya moto, zilikuwa zimeanikwa nguo tatu za kaki, zimetandazwa vizuri, mikono imenyooshwa, kola zimegeuzwa. Zilikuwa zimeziba matundu yote. Mashine ilikuwa inalia kama mtu aliyezibwa pua. Népomuscène alizitoa moja moja, akazikunja mkononi, akasikiliza mpaka sauti ya feni ikatulia. Kisha akaniambia nimwite yule mama.

Daphrose alipoona nguo mikononi mwa mwanamume, alishika ukuta. Alikuwapo uani siku ile mkurugenzi aliposema habari ya askari.

“Kwa nini humu, mama?” fundi aliuliza. “Jua lote lile liko inje.”

“Mukurugenzi alikataza kuanika uani. Alisema wazungu wanakuja, hii ni ofisi, si kambi. Nilianika kwa ukuta wa nyuma, zikaibiwa mbili. Nikaona hii mashine inapumua moto bure tu.” Akazitazama zile nguo. “Watoto wangu wakifukuzwa shuleni, wanabaki barabarani. Na barabara ya Buyenzi unaijua, fundi. Mukubwa wangu ana miaka kumi na mbili. Wanamuangalia tayari.”

Hakueleza ni nani wanaomwangalia. Mwaka ule kila upande ulikuwa unawachukua watoto wa kubeba risasi. Népomuscène alikuwa bado amezikumbatia nguo. Shati lake lilikuwa limelowa tumboni kote.

“Mi nilidhani hewa ya moto haina mwenyewe,” Daphrose alisema.

“Mama, umechagua pua ndogo,” fundi akamjibu. “Kuja nikuonyeshe kubwa.”

Akatuongoza hadi kichochoroni, nyuma ya nyumba, mahali ambapo dirisha la mkurugenzi halikuona na ambapo hakuna aliyepita isipokuwa paka. Pale ndipo ilipokuwa nusu ya nje ya mashine ya ubaridi, ile yenye feni kubwa, inayotupa nje joto lote lililotolewa chumbani. Ilikuwa inavuma kama tanuri la mkate. Alichukua waya kwenye mfuko wake, akapiga misumari miwili ya zege, akaufunga hatua tatu kutoka kwenye feni. Aliipima pumzi ya feni kwa kiganja mara mbili, ili nguo zisiizibe. Akazianika mwenyewe, kola zimegeuzwa vilevile. Zilikauka kabla sijamaliza sigara ya pili. Daphrose alizichukua, akazikunja, akaondoka bila kusema asante. Saa sita ofisi ilipofungwa nilimwona akienda Buyenzi karibu anakimbia.

Jumatatu vipimajoto vilipishana saba. Jumatano saba. Ijumaa saba, na Chanelle alikuwa ameandika upya majina yote yaliyopotea, bila mashine kukohoa hata mara moja. Kazi ilikuwa imekwisha. Ilibaki karatasi.

Mkurugenzi alimwita ofisini, nami niliitwa niende na muhuri. Mezani palikuwa na fomu aliyoichapisha yeye mwenyewe. Ilikuwa na mistari minne: tatizo, chanzo, matengenezo, na wa mwisho, mhusika. Népomuscène aliijaza mistari mitatu kwa ule mwandiko wake mkubwa. Kwenye chanzo aliandika: unyevu kutoka ndani, matundu ya hewa yameziba. Kisha akaweka kalamu chini.

Mkurugenzi akamwonyesha mstari wa nne kwa kidole. Fundi alieleza kwamba katika kazi yake huandika ugonjwa wa mashine, na jina la mtu haliandiki, ndivyo alivyofundishwa kwenye kiwanda cha barafu. Mkurugenzi akasema hiyo ni desturi ya kiwanda cha barafu, hapa ni shirika, na wafadhili wameambiwa kuna hujuma na wanangoja jina. Kama fundi amejua maji yalitoka wapi, basi amejua nani aliyaleta. Akaongeza, kwa sauti ya chini na bila ukali, kwamba asipoandika, atawapeleka wafanyakazi wote kumi na mmoja wakahojiwe, na huko watajuana wenyewe.

Feni ya dari ilizunguka. Mimi nilikuwa nimeshika muhuri kama mtoto aliyeshika peremende. Nilikuwa na miaka hamsini na minne, nilikuwa nimesoma vitabu vyote vilivyonipita mikononi, na havikunipa hata neno moja la kusema.

Népomuscène alichukua kalamu akaandika. Mkurugenzi akageuza karatasi, akasoma, akainua macho.

“Hili ni jina lako.”

“Ndiyo, bwana mukurugenzi. Mwezi wa nne nilisafisha ile mashine, na sikuuliza nani anaishi nayo. Fundi anapaswa kuuliza. Ningeuliza, ningefunga ule waya toka mwezi wa nne.”

“Waya gani?”

“Wa kazi,” alisema Népomuscène, akavaa kofia.

Mkurugenzi hakumpeleka kwa askari. Wafadhili waliandikiwa kwamba tatizo lilikuwa uzembe wa fundi wa nje, nao wakaridhika, maana neno uzembe walilizoea. Népomuscène hakuitwa tena pale. Mashirika mengine mjini yalipata nakala ya barua, nayo yakaacha kumwita. Akarudi kwenye friji za baa na majokofu ya nyama, na hakuona tena chumba cha kompyuta mpaka alipokufa kwa kisukari mwaka 2004, kabla hata vita havijaisha vizuri.

Jioni ile alipotoka kwa mkurugenzi alipitia stoo kwangu. Alifungua daftari, akaandika hesabu za wiki, na chini yake akaandika jina lake, herufi kubwa, tarehe 24 Julai 1998. Nilimuuliza kwa nini anavunja sheria ya Mgiriki. Alijibu kwamba ameliandika kwenye karatasi ya yule bwana, na hataki daftari lake liwe na habari tofauti na alizozitoa mdomoni. Watu wa namna hiyo tulikuwa nao, na sikumbuki siku tuliyowaaga.

Kilichomuuma hakikuwa kazi. Kilichomuuma ni kwamba Daphrose alipita mbele ya kibanda chake kila siku, akienda na kurudi, na hakumsalimia. Aliinamisha kichwa akaongeza mwendo. Alidhani, nilikuja kujua baadaye, kwamba akisimama kuongea naye mtu ataona, ataunganisha mambo, na wote wawili watakwisha. Ilichukua zaidi ya mwaka. Siku moja alisimama, akaweka kikapu chini, akamuuliza kama ana nguo ya kufua. Népomuscène akavua koti lake la kazi, lile lenye mafuta, akampa. Lilirudi Jumamosi, safi, kola imegeuzwa. Tangu hapo lilifuliwa kila wiki mbili, na mke wake alilalamika kwamba yeye hakuwahi kuweza kuyatoa mafuta yale.

Shirika lilifungwa mwaka 2006. Vitu vilipigwa mnada, na mashine mama ikachukuliwa na kijana mmoja aliyesema itamfaa kwa ajili ya shaba iliyomo. Nilikwenda kukabidhi funguo. Nilipomaliza nilizunguka hadi kichochoroni. Mashine ya ubaridi ilikuwa imekwisha kung'olewa, ukutani pamebaki matundu manne. Waya ulikuwepo, hatua tatu mbele, umefungwa kwenye misumari ileile ya zege. Miisho yake ilikuwa imeshika kutu. Katikati, pale nguo zilipokuwa zikining'inia kwa miaka minane, ulikuwa umesuguliwa mpaka unang'aa.